Kumtoa Bibi

Fundi cherehani alimpeleka bintiye kwenye usaili wa darasa la kwanza akiwa bado na vipande vya uzi kwenye nywele. Kwenye benchi la nyuma alimkuta mama yake mzazi, waliyemzika kabla ya mvua, amewashikia nafasi.

"Mmechelewa," marehemu alisema, akipangusa miwani. Alizikwa nayo, kwa hiyo kibao cha mlangoni alikisoma bila taabu.

"Shikamoo, mama. Foleni ya maji."

Mwalimu alimtazama marehemu juu mpaka chini. "Kukaa ruksa, bibi. Ila usimnong'oneze mtoto."

Mtoto akifeli angerudia chekechea mwaka mzima, na magoti yake yalikuwa hayaingii tena chini ya meza za huko.

Katika ukoo wao, akili ya mtoto ilipimwa kwa kutumwa. Marehemu alikuwa akisema tu, "Niletee kile." Mtoto mwenye akili aliitazama mikono ya bibi, akiona kifungo na uzi, alileta sindano. Asiye na akili aliuliza kipi. Fundi mwenyewe aliuliza mpaka akakaribia kuolewa.

Mwalimu alipanga picha mezani: kikombe, sahani, kijiko, bibi kizee.

"Moja haimo katika kundi. Itoe."

Mtoto alizitazama, kisha akamtazama mwalimu, aliyekuwa amefinya jicho kwa jua la dirishani. Aliinuka, akavuta pazia, akarudi kuketi.

"Ahsante. Haya, toa moja."

"Zote zimo, mwalimu. Bibi anataka kula."

"Bibi si chombo!"

"Sasa nikimtoa, vyombo vya nani?"

Marehemu alicheka hadi miwani ikamdondoka. "Mwalimu, mwanangu, hebu niletee kile."

"Kipi?"

"Basi. Wewe pia utarudia."

Mtoto alikuwa ameshaingia chini ya benchi na kuiokota miwani.

Mwalimu alimgeukia fundi. "Mama, mtoto ana adabu, hilo silikatai. Akili ndiyo bado. Arudi chekechea, afundishwe kumtoa bibi."

Fundi alimtoa bintiye uzi kwenye nywele. "Sawa, mwalimu."

Makaburi yalikuwa ng'ambo ya barabara. Magari hayakumsimamia marehemu. Madereva wa pale hata walio hai hawakuwasimamia. Mtoto alimshika mkono, akanyoosha wa pili mbele ya lori, akamvusha.

"Usihuzunike, bibi," alimwambia. "Chekechea tunatoka mapema. Nitakuwa nakuvusha kila siku."