Mkeka Ulioko Pichani

Wasukaji mikeka wa Likoni walikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyewahi kuitangaza, kwa kuwa hakuna aliyeona haja. Mkeka wa kuonyesha hauuzwi. Unautundika barazani, mteja anaupenda, anachagua rangi zake, nawe unamsukia wake. Mtu aking'ang'ania ule ule uliotundikwa, basi ama hana adabu ama katoka mbali. Johari binti Jumaa alikulia katika desturi hiyo, na ndiyo iliyomponza.

Baada ya vurugu zilizoikumba Likoni mwaka wa tisini na saba, watalii waliihama Shelly Beach, na mikeka ya Johari na wenzake ikabaki kuliwa na panya. Ndipo Mueni, msichana wa Kikamba aliyekuwa karani katika hoteli moja iliyosalia na wageni wa kubahatisha, alipokuja na habari za duka lisilo na mlango. Liko ndani ya kompyuta, alieleza, huko ng'ambo; wewe unapeleka picha tu, na mtu wa Ulaya anaagiza mkeka akiwa kwake. Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Walipomaliza kucheka wakakubali, kwa sababu Johari aliwashikilia wakubali.

Mueni alikuja na kamera siku ya Alhamisi. Siku hiyo, kama kila Alhamisi, Johari alikuwa ameutoa uani mkeka wa mamake upigwe na upepo. Bi. Mwanatatu aliusuka mwenyewe kabla macho yake hayajazimika, kwa ukanda mwembamba wa ukili wa rangi nyekundu na nyeusi, na haukuwa wa kulalia wala wa kukalia wageni. Aliuwekea nia. Siku atakapoitwa na Mola wake, akishavishwa sanda, alazwe juu ya mkeka huo. Kila wiki aliuliza kama umeanikwa, kama mwingine anavyouliza kama mlango umefungwa.

Likoni nzima hapakuwa na mkeka wa kuushinda. Johari akaona huo ndio wa kuonyesha. Picha haipunguzi kitu, alijiambia.

Haukupita muda mrefu Mueni akaleta habari kwamba bwana mmoja ng'ambo ameupenda na amekwisha kulipa. Johari alinunua ukindu, akauchovya rangi, akasuka kwa moyo wake wote. Ulikuwa mkeka mzuri, asikwambie mtu. Ukaenda, ukarudi. Yule bwana alilalamika kwamba ametapeliwa. Ukili ni mpana, na mistari myekundu haiko mahali pake.

Johari alidhani labda Mueni hakusoma vizuri. Kwani nani asiyejua kwamba kila msukaji ana mkono wake, na mkono wa mtu hauigiki? Kumbe kompyuta haijui.

"Dada Johari, huko kilicho kwenye picha ndicho kinachouzwa," Mueni alisema polepole. "Na ameandika maneno mabaya pale pale dukani, kila mtu anayasoma. Asipopata ule, wanatufungia sote."

Sote. Hilo ndilo lililomkata maini. Jirani yake Zubeda alikuwa mjane, mikeka yake ndiyo kwanza imeanza kupendwa, na aliyemwingiza katika shughuli hiyo ni Johari huyo huyo. Niambie, wewe ungefanya nini?

Alingoja mamake alale baada ya adhuhuri, akauteremsha mkeka, akamkabidhi Mueni. Alijipa moyo kwamba mama haoni, kwamba afya yake bado nzuri, kwamba atamsukia mwingine kama ule kabla haujahitajika. Hakuna hata moja kati ya hayo aliloliamini mpaka ndani.

Yule bwana aliridhika. Alifuta maneno yake, akaandika mengine matamu, akaeleza kwamba ameupigilia mkeka misumari ukutani, sebuleni kwake. Mueni alidhani habari hiyo itamfurahisha Johari.

Mvua za masika zilipoanza, kifua kilimbana Bi. Mwanatatu, akawa hatoki kitandani. Mkeka mpya ulikuwa bado ukili tu usioshonwa, umekunjwa kapuni, haujafika hata nusu. Asubuhi moja akaita.

"Johari."

"Abee, mama."

"Hebu nipa mkeka wangu, niushike."

Johari alisimama mlangoni. Mkeka mzima uliokuwamo nyumbani ni ule uliorudishwa. Akauleta, akamwekea mapajani. Bi. Mwanatatu alipitisha vidole ukingoni, akavirudisha, akavipitisha tena pole pole. Johari akasubiri kukemewa. Laiti angekemewa.

"Huu wako," mamake alisema. "Ni mzuri. Na wangu, ni nani alokufa mkamtandikia?"

Kwa akili ya Bi. Mwanatatu hapakuwa na sababu nyingine duniani ya mkeka ule kutoka nyumbani. Johari alitaka kusema kweli. Habari za picha na duka na misumari zilimjaa kinywani, na akaona aibu kuitamka hata moja.

"Mgeni, mama."

"Hakuwa na watu wake?"

"Hakuwa nao."

Mamake alitafuta pumzi. "Mmefanya vyema," akasema. "Mgeni akifa hatolewi hivi hivi. Mimi nitandikieni huu wako."

Kisha akainua mikono yake miwili, akaanza kumwombea yule maiti asiyekuwako. Mungu amsamehe, ampanulie kaburi lake, amtilie nuru ndani. Alimwombea kwa muda mrefu, kwa pumzi chache alizobakiwa nazo, na Johari alikaa chini kando ya kitanda, machozi yakimtiririka, akiitikia amin kila palipotakiwa amin.