Numero Thelathini na Moja Shambani kwa Louise

Wifi yangu Louise ana sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na wakati wa uchaguzi aliitumia yote. Yeye alikuwa wa numero kumi na nne, ndiyo numero ya mgombea wake kwenye karatasi ya kura. Alivaa kikwembe, kitenge cha kampeni, chenye sura ya mgombea mbele na nyuma, na ole wako umwambie kwamba mheshimiwa yule hajawahi kukanyaga kijiji chetu. Katekista Salomon, jirani yake, alikuwa wa thelathini na moja, na ndiye aliyegawa fulana za numero hiyo. Walibishana kisimani, walibishana wakitoka kanisani, mpaka siku moja Salomon akamwambia mbele ya watu wote, "Mama Estelle, numero yako ikianguka, muchele wako tutaukula sisi!"

Watu walicheka. Louise hakucheka. Tangu siku ile, padri akisema tupeane mkono wa amani, wifi yangu anatazama bati la kanisa kama fundi anayetafuta panapovuja.

Kura zikapigwa, na wagombea wote wawili wakaanguka. Alishinda mtu mwingine kabisa, ambaye hata fulana hakutuletea. Ungedhani mambo yangeishia hapo. Wapi! Wakubwa walirudi zao Kinshasa, ugomvi wakatuachia sisi.

Mpunga ulipoanza kugeuka rangi, Estelle, mtoto pekee wa Louise, akashikwa na uchungu. Mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni, mkunga akasema tukimbilie hospitali ya Kasongo. Aliyetubeba kwa pikipiki ni Djuma, kijana Mwislamu kutoka Fizi, anayechimba dhahabu upande wa Wamaza. Louise alikuwa akiwaita yeye na wenzake "watu wa kuja", na kuwafukuza kisimani eti wanachafua maji. Siku ile hakufukuza mtu. Djuma aliendesha mbele, Estelle katikati, Louise nyuma akimshikilia binti yake, nami nikafuata kwa pikipiki ya pili. Kila penye matope Djuma alishuka akasukuma.

Estelle alipasuliwa, na mtoto akatoka analia, msichana mzima wa afya. Tulicheza pale barazani mwa hospitali mpaka muuguzi akatufukuza. Lakini kidonda kilichelewa kupona, siku zikazidi kupita, na furaha ya wifi yangu ikaanza kuingia baridi. Mpunga ukikomaa haumngojei mtu. Ndege wanaula, mvua inaulaza chini, unaota tena kwenye matope. Kile kilikuwa chakula chake cha mwaka na mbegu ya mwaka unaofuata, na mjane yule hana kingine.

"Wifi," aliniambia, "Mungu ametupa mutoto. Lakini mama yake nitamulisha nini?"

Nilimpokea mjukuu wake ili ale kidogo.

Tuliporudi kijijini, Louise alimlaza Estelle kitandani, akatupa mzigo, akashika njia ya shamba, mimi nyuma yake. Penye kona akasimama ghafla. Shamba lilikuwa limejaa watu. Migongo imeinama, na kila mgongo umeandikwa 31.

"Wamekuja kuukula!" akapiga ukelele. "Salomon alisema, na sasa anafanya!"

Akapita kwenye kibanda cha shamba, akanyakua mtwangio wa kinu uliokuwa umeegemezwa nje. Nilimshika kikwembe, nikabaki nacho mkononi, yeye akaendelea na sketi ya ndani. "Wezi! Wezi wa thelathini na moja!"

Wote wakainuka. Kila mtu alikuwa na kisu kidogo cha kukatia masuke. Salomon akainua mikono, fungu la mpunga katika mkono mmoja.

"Munafanya nini mu shamba langu?"

"Tunavuna, Mama Estelle."

"Munavunia nani?"

"Wewe." Akamwonyesha kibanda alichotoka kukipita mbio bila kuangalia ndani. Mafungu yalikuwa yamepangwa mle mpaka karibu na paa, yamefungwa vizuri, makavu. "Siku ya Mungu tulikuwa tunasali Baba Yetu. Tulipofika kwa mukate wa kila siku, nikasikia ndege huku kwako. Nikashindwa kumaliza. Nikaambia watu: tunaomba mukate, na ule wa Mama Estelle uko unaliwa. Nani anakuja?"

"Na hizi fulana?"

"Ni nguo ya kazi, Mama. Iko na faida gani ingine?"

Hapo ndipo tuliona vizuri. Yvette, aliyeimba nyimbo za kumi na nne pamoja na Louise wakati wa uchaguzi, naye alivaa 31, maana fulana yake mwenyewe ilikwisha kuchanika. Hata Djuma alikuwa nayo, na kadi ya kura hana.

"Mama," Djuma akasema, "nilijiuliza, yule niliyemubeba Kasongo, akirudi, atakula nini?"

Louise akasimama, mtwangio begani. Salomon akautazama ule mti mzito.

"Mama Estelle, ile iko ya kichwa yangu ao ya muchele?"

"Ilikuwa ya kichwa yako," Louise akasema. "Sasa leta kinu."

Akacheka mpaka akakaa chini, akalia papo hapo, nikamfunga kikwembe chake maana wanaume wapo. Kwetu mwenye shamba huwapakulia wavunaji wali mpya kwa mkono wake. Louise alitwanga peke yake, akikataa msaada, akiimba wimbo wa Pasaka ingawa Pasaka ilikuwa mbali. Akina mama wakaleta sombe ya majani ya muhogo na samaki wakavu. Salomon akabariki chakula, Djuma akasema bismillahi yake, na Louise akampakulia Djuma kwanza.

Salomon alikuwa wa mwisho. Akanyoosha sahani, Louise hakuipokea. Alifuta mkono wake, akautoa.

"Amani ya Kristo, Papa Salomon."

Yule mzee mwenye maneno mengi akakosa maneno. Akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili, na sisi tukapiga vigelegele vilivyowatoa ndege wote shambani. Kisha akapata sahani yake, akala kinywa kikajaa, na ulimi ukamrudia.

"Si nilisema tutaukula?"

"Ulisema," Louise akajibu, akamwongezea.