Alama ya Rangi ya Kucha

"Usiifungue mpaka nikae," mkunga alisema, akavuta kigoda hadi magoti yake yakagusa meza.

Fundi, msichana aliyezoea kuulizwa fundi mwenyewe yuko wapi, aliweka bisibisi chini akangoja. Kibanda chake cha kompyuta kilikuwa kipya, kipande cha banda la kunyolea la mjomba wake kilichotengwa kwa pazia, na huyu mkunga mstaafu ndiye mteja wa kwanza. Nusu ya mtaa ilizaliwa mikononi mwake. Akikusifu umesifika, akikukataa, funga kibanda ukalale.

"Sikushuku, mwanangu," mkunga alisema, huku macho hayamtoki vidoleni. "Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Yule fundi wa sokoni alinirudishia kompyuta inakwenda mwendo wa kobe."

Kasha likafunguka. Ndani kulikuwa na nafasi mbili za kupachika memori, inayoipa kompyuta kasi, na moja ilikuwa tupu.

"Zilikuwa mbili, bibi?"

"Mbili! Kila moja niliitia nukta ya rangi ya kucha, niijue. Mimi nawajua watu."

Kweli, ile iliyobaki ilikuwa na nukta nyekundu pembeni. Nukta kama hiyo fundi alikwisha kuiona. Ilikuwa nyuma ya mgongo wake, ndani ya kompyuta ya kwanza aliyoiunda mwenyewe, ambayo mnunuzi angeijia jioni. Memori yake aliipata kwa fundi wa sokoni, kuukuu, kwa bei ya kutupa, na nukta akaidhani ya kiwandani. Alijichukia. Rahisi namna ile, mbona hakuuliza?

Angenyamaza, lawama zingebaki sokoni. Angesema, nani angemwamini? Nyuma ya pazia mashine ya mjomba ya kunyolea ilikuwa imezimika. Naye alikuwa ametega sikio.

"Mbona jasho?" mkunga aliuliza.

Fundi akageuka, akaifungua kompyuta yake, akaichomoa memori na kuiweka mezani.

Mkunga hakuigusa. "Imefikaje kwako?"

"Niliinunua kwake. Sikujua, bibi. Haki ya Mungu, sikujua."

"Hata yeye atasema kanunua kwa mtu."

"Ichukue. Ni yako."

"Mwizi naye akibanwa hurudisha."

"Na nani amenibana, bibi?"

Mkunga alimtazama usoni, kisha mikononi. Alingoja memori ipachikwe, akaona kompyuta imewaka upesi, akalipa bila kupatana bei. Akalikumbatia kasha akatoka. Hata asante hakusema, na hilo lilimuuma fundi kuliko yote.

Ng'ambo ya barabara mkunga alisimama kwa mshona viatu, akalitua kasha kwenye benchi lake. Akaongea kwa kirefu, akielekeza kidevu kibandani. Magari yalipita, fundi hakuambulia hata neno, asijue anasifiwa au anakataliwa. Mshona viatu aliacha sindano ndani ya kiatu, akageuka kumtazama.

Fundi akainua mkono kumsalimu. Mshona viatu aliendelea kumtazama.