Kitanzi cha Maua ya Zambarau

Usijifanye hukuniona. Ulikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, na nilipogeuka kutafuta mtu wa kunitetea ukaanza kukagua kucha zako. Mimi sisahau kitu, ndiyo maana sialikwi kwenye sherehe.

Basi nikusimulie yote tangu mwanzo, hapa hapa mlangoni kwako, maana umechomoka na mkutano wa leo bado haujaisha.

Unajua kwamba moto ulipoteketeza safu yetu ya nyumba, Mfadhili alileta marobota ya nguo kutoka kwenye makabati ya familia yake. Akapigwa picha akimkabidhi Mwenyekiti wa kamati ya maafa, wote wawili meno nje. Nguo zikaingia ghalani, ufunguo ukaingia mfukoni mwa Mwenyekiti, habari ikaishia hapo. Shangazi yangu alitoka kwenye ule moto na gauni moja. Analifua usiku, asubuhi analivaa likiwa bado na unyevu, na kifua kimeanza kumbana. Kila akiuliza, anaambiwa nguo bado zinapangwa.

Nilisema tangu mwanzo kwamba zinauzwa. Nilisema kwa kinyozi, nikasema nikiwa juu ya kreti la soda. Ushahidi ndio sikuwa nao. Kwa hiyo kila Jumamosi nikawa naenda kwenye mitumba kuutafuta. Ndivyo nilivyomwambia Shangazi. Ukweli ni kwamba nikishainama juu ya rundo la makoti ya kiume, mapambano yote yananitoka kichwani. Nataka kuwaangusha matajiri, lakini nikiona nembo ya fundi wao mate yananidondoka.

Siku hiyo nikalikuta koti. Muuzaji, yule tunayemwita Chagua-Chagua, akasema, "Mwalimu, hilo lilikuwa linakungoja wewe." Ananiita mwalimu kwa sababu namfundisha biashara yake bila kuombwa. Nikalipima kama daktari. Nikafinya kifua cha koti, nikasikia kitambaa cha tatu kikiteleza kati ya koti na bitana, maana yake kimeshonwa, hakikubandikwa kwa gundi. Mistari ilipita juu ya mfuko bila kukatika. Vifungo vya mikono vilifunguka kweli, havikuwa pambo. Nikagusisha kimoja mdomoni, kikawa baridi: pembe, si plastiki. Kitu kimoja tu kilinitatiza. Nyuma ya kola, kitanzi cha kutundikia kilikuwa cha kitambaa cha maua ya zambarau, hakifanani na bitana hata kidogo. Mwenye akili angejiuliza. Mimi nikawatangazia wateja wote kwamba hilo ni toleo maalumu, kwamba mafundi wale huweka maua kwenye makoti machache tu duniani. Chagua-Chagua akapandisha bei palepale.

Nyumbani Shangazi akauliza limetoka wapi. Nikasema rafiki yangu wa ng'ambo amenitumia. Uongo ukateleza kama bitana yenyewe. Ningesemaje? Mimi ndiye niliyepiga kelele miaka yote kwamba mitumba inawaua mafundi wetu. Mtaa mzima ukapewa habari ya ng'ambo.

Leo nikalivaa kwenye mkutano. Niliposimama kudai ghala lifunguliwe, Mfadhili, aliyekuwa kiti cha mbele, akawa ananitazama mabegani badala ya usoni. Akaniomba nimwonyeshe nyuma ya kola. Nami, kwa kiburi changu, nikalivua na kulitandaza mezani kama mfanyabiashara wa mazulia, nikidhani mwenzangu anajua vitu.

"Hili koti langu," akasema. Mke wake alitia vitanzi vya maua kwenye nguo zote za nyumba yao, akavikata kwenye gauni lake la zamani. Hakusema kwa ubaya. Akaongeza kwamba limenikaa vizuri kuliko lilivyomkaa yeye.

Sasa sikia la kunizika. Kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa furaha. Kumbe ni halisi! Ilibaki kidogo tu nimshukuru.

Mwenyekiti akawahi. "Mnamwona? Yeye kagawiwa koti la kifalme, halafu anakuja kututukana kwamba hatugawi."

Ukumbi ukanigeukia. Hapo ndipo ulipoanza kukagua kucha zako. Mama mmoja akauliza mpwa gani huyu anajichukulia koti na kumwacha shangazi yake na gauni moja. Shangazi akashika kola ya gauni lake, akasema polepole, "Si uliniambia limetoka ng'ambo, baba?"

Nikinyamaza, mimi ndiye mwizi na ghala linabaki na kufuli lake. Kilichobaki ni kusema ukweli, na mdomo huu, ambao umeshawatukana wakubwa wote wa mji huu, ukausema kwa sauti ndogo. 

"Nimelinunua kwenye mtumba, Shangazi. Kwenye rundo la Chagua-Chagua, nimeinama. Sina rafiki ng'ambo."

Kile kicheko nitazikwa nacho, na waliocheka nawajua mmoja mmoja. Mfadhili hakucheka. Alimuuliza Mwenyekiti koti alilolitoa bure kwa waliounguliwa lilifikaje sokoni. Mwenyekiti akajifuta jasho, akasema pengine lilidondoka njiani. Koti moja, akasema, si ghala zima. Mfadhili akavuta kiti. Akasema vikiletwa vitanzi vingine atavunja kufuli kwa mkono wake, na kwamba atakaa hapo mpaka jua lizame.

Nikautazama ukumbi. Sweta ya kijani, suruali ya kitani, jaketi la ngozi: nilizijua zote, rundo ni moja. Na kila mwenye nguo alishanieleza kwamba ametumiwa na kaka, au shemeji, huko huko ng'ambo. Jamani, mtaa mmoja una ndugu wangapi ng'ambo? Hakuna aliyegusa kola. Na wewe ndipo ukatoka, na lile shati lako la mistari ambalo eti ni zawadi ya mjomba. Ndugu yangu, tulikuwa wote pale kwa Chagua-Chagua. Ulijificha nyuma ya suruali zilizotundikwa, miguu yako nikaiona.

Mimi nimeshachekwa, na bado niko hai. Shangazi amekaa pale mbele na gauni lake bichi, anakohoa. Jua bado halijazama. Geuza kola yako, tazama kitanzi, kisha uvae viatu twende.