Nakala ya Tatu

Mzee Placidi alikuwa ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili alipoona mshale wa kompyuta ukitembea wenyewe. Ulikwenda bila haraka, kama mtu anayeijua nyumba, ukafika kwenye folda la picha za kijiji cha Mpepai, ukalifuta. Kisha ukahamia la Mbaha.

"Mzee, mashine yako ina mashetani," alisema Marselina kutoka kwenye benchi la wateja wa studio. Alikuwa ametoka Mpepai asubuhi ile kufuata picha ya marehemu mama yake, ikuzwe, iwekwe karibu na altare kwenye misa ya mwaka, Jumamosi.

Placidi hakucheka. Alichomoa waya ukutani, skrini ikazimika.

Mtu mwenye njia ya kuingia katika kompyuta ile kwa mbali alikuwa mmoja tu: Elias, mwanawe wa ubatizo. Placidi ndiye aliyemsimamia kanisani, ndiye aliyemfundisha kushika kamera. Elias alipohamia Mbamba Bay alimwekea programu hiyo, ili studio ikikwama aitengeneze akiwa hukohuko ziwani. Neno la siri Placidi alilichagua mwenyewe: tarehe ya ubatizo wa Elias.

Siku ile kijana alitoa pia ushauri, na mzee aliuandika daftarini kwa mwandiko ulionyooka wa masomo ya jioni ya watu wazima. Picha ziwe na nakala tatu: moja kwenye mashine, moja mtandaoni, moja kwenye diski iliyo mbali na studio.

"Na hiyo ya tatu, Baba, hata mimi usiniambie ulikoiweka."

"Mwanangu nimfiche?" Placidi alicheka. "Iko Mbuji kwa shangazi yako Ottilia, kwenye sanduku la vitenge."

Sasa alifungua simu kutazama nakala ya mtandaoni. Patupu. Picha za miaka thelathini, za maharusi, za komunyo ya kwanza, za watu ambao leo wana misalaba makaburini, hazikuwapo.

"Nisubiri," alimwambia Marselina, akapanda bodaboda.

Ottilia alikuwa uani akigeuza kahawa juani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umesahau nini tena? Elias amekwisha kukichukua kile kidude chako, tangu Jumapili. Kasema umemtuma."

"Ukampa?"

"Wee Placidi, umezeeka vibaya! Mtoto uliyemsimamia ubatizo nimnyime kipande cha plastiki? Hata kuku nilimchinjia."

Placidi alisogea kando ya ua, akapiga simu.

"Shikamoo, Baba."

Mzee hakuitikia. "Picha za watu ziko wapi?"

"Ziko salama, Baba. Nimefungua studio yangu huku. Wewe umri umekwenda, upumzike."

"Ungeomba nakala ningekupa."

"Ningechukua nakala tu, watu wangeendelea kuja kwako." Sauti yake haikutetemeka. "Na nilikuonya, Baba. Nilisema hata mimi usiniambie."

Placidi aliitazama simu mpaka ikazimika yenyewe.

Aliporudi studioni, Marselina alikuwa bado kwenye benchi, mkoba mapajani. "Imepatikana?"

Katika miaka yote ile mzee hakuwahi kumwelekeza mteja kwenye mlango wa mtu mwingine. Alichukua daftari lake, akachana ukurasa wenye ushauri wa nakala tatu, akaandika namba ya simu nyuma yake.

"Iko Mbamba Bay. Ukimpigia leo utaipata kabla ya Jumamosi."

"Kwa yule mwanao?"

"Kwa fundi mmoja. Anaitwa Elias." Alimkabidhi karatasi. "Mwambie unataka ile ambayo mama yako kakaa, kajifunga kilemba cheupe. Na asikate upande wa kushoto. Kuna kiganja cha mtoto kimeshika kiti. Hicho ni chako, siku ile ulikataa kutoka kwenye picha."