Pendekezo la Arobaini na Moja

Mzee Bernardo alikuwa amelikalia pendekezo la arobaini na moja kwa miezi saba, na huko Handeni, lilikotoka, walishaanza kumsema.

Yeye ndiye aliyetunza mapendekezo ya Mkonge, lugha ndogo ya kuandikia programu za kompyuta. Aliitunga pamoja na marehemu Bonaventura katika darasa la jioni la watu wazima pale Korogwe. Wote wawili walikuwa watoto wa manamba, wale waliokuja kukata mkonge mashambani wakaitwa kwa namba za vipande vyao, yaani kadi zao za kazi. Siku hizi Mkonge ilitumiwa na shule na vikundi vya wakulima hadi Mkata na Kerenge. Aliyetaka kuibadilisha aliandika pendekezo, likapewa namba, likajibiwa pamoja na sababu. Na aliyepinga alipaswa kwanza kulisoma kwa sauti mbele ya mwenye nalo, kama vile ni lake. Sharti hilo aliliweka Bonaventura, aliyechoshwa na watu wa kupinga wasichokisoma.

Katika Mkonge, kila kilichomo kwenye orodha lazima kiwe na namba. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza aliyoiandika Bonaventura kwa mkono wake. Naitoi, binti wa wafugaji wa Mazingara kule Handeni, ndiye aliyeandika pendekezo la arobaini na moja; alitaka orodha ya majina matupu. Bernardo aliona kuigusa kanuni ile ni kumzika rafiki yake mara ya pili.

Jumamosi Naitoi akafika Korogwe na baba yake, Kisioki.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Umekuja kunishtaki?”

“Nimekuja kukusikia ukisoma.”

Kisioki akacheka. “Mzee mwenzangu, sisi ng'ombe hatuwahesabu. Ni kuita balaa. Jioni nasimama langoni, nawatazama wakiingia. Asiyekuwepo namjua.”

“Hata wakiwa mia mbili?”

“Hiyo namba umeitaja wewe, siyo mimi.”

“Ndiyo maana daftari la chanjo liko tupu,” Naitoi akasema. “Wazee wanaikataa programu inayowahesabia mifugo. Mwaka jana ndama walikufa, hakuna aliyejua nani kachanjwa na nani bado.”

Bernardo akavaa miwani, akasimama kusoma. “Napendekeza kila mmoja aweze kuitwa kwa jina lake tu, bila namba, na mashine iweze kusema nani hayupo.”

Alikumbuka alfajiri za kambini, mnyapara akiita, “Mia tatu kumi na saba!” na baba yake akiitika, “Nipo!” Siku ya kwanza shuleni, mwalimu alipomuuliza jina la baba, alitaja namba ile. Darasa zima lilicheka, isipokuwa mtoto mmoja aliyekuwa na jibu kama lake. Ndivyo alivyojuana na Bonaventura.

“Nionyeshe inavyofanya kazi,” akasema.

Naitoi akafungua kompyuta. “Nipe majina, mzee. Yoyote.”

Akampa ya darasa la jioni: Grasiana, Mikaeli, Hashim, Joyceline, Bonaventura, Bernardo.

“Waliopo hadi leo?”

“Hashim. Joyceline. Na mimi.”

Mashine ikaandika: Grasiana, Mikaeli, Bonaventura.

Bernardo akayasoma majina yale moja moja. Aliwaona wote kwenye mabenchi yao, Grasiana akipuliza vumbi kwenye kibodi, Bonaventura akibishana na mwalimu.

Kisha akavuta daftari, akaandika: *Limekubaliwa. Namba zibaki kwa wanaozitaka, programu za zamani zisivunjike.* Kwenye nafasi ya sababu akaandika: *Nimelisoma kwa sauti.*

Kisioki akachungulia begani kwake. “Na hilo pendekezo lenyewe mbona bado lina namba?”

“Mapendekezo nitayahesabu mpaka nife, bwana,” Bernardo akasema. “Haya yakipotea, hakuna wa kuyatambua langoni.”