Kiti na Mtu Wake

Wikendi nzima dereva mstaafu aliburutwa na mkewe kutoka kimji hadi kimji, eti wanasaka vitu vya kale. Kwenye duka la tatu miguu ilimgomea. Akajitupa kwenye kiti cha kuchonga, usingizi ukamchukua palepale. Kuzinduka, ana kibandiko cha bei kifuani!

“Nauza kiti na mtu wake,” mwenye duka alikuwa akimwambia mke wa dereva.

“Bei yote hiyo, na anakoroma? Hebu punguza!”

“Haipungui, mama.”

“Haya, baki naye!”

Mkewe akatoka polepole, kama kawaida yake anapotaka muuzaji amwite arudi.

“Mwite basi, ndugu yangu,” dereva alinong'ona.

Mwenye duka alichukua kitambaa, akaanza kumfuta vumbi kwenye kipara.